Betri mpya, injini yatetemeka: usikimbilie vipuri

KUNA kisa kimoja ambacho humfika karibu kila mwenye gari, na ambacho kimewafanya wengi kumlaumu asiyekosa. Betri imezeeka. Asubuhi unazungusha ufunguo na husikii ila “tik, tik, tik”. Unajikaza, unanunua betri mpya, inafungwa, na gari linawaka mara moja kana kwamba limetoka kiwandani jana. Unamlipa fundi, unashukuru Mungu, unaondoka. Lakini unapofika kwenye makutano ya kwanza na kuondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, mshale unaporomoka, na gari linazima katikati ya barabara. Pengine linafanya kinyume chake: linasimama huku likinguruma kwa kelele kana kwamba linangojea bendera ya Safari Rally.

Hapo ndipo maneno huanza. Mama watoto anamwambia mzee kwamba alinunua betri ya bei rahisi. Jirani anasema fundi ameunguza kompyuta ya gari. Fundi wa pili naye, bila hata kufungua boneti, anasema throtoli imekufa na ni lazima inunuliwe nyingine. Na pesa zinazotajwa hapo ni zile zile zilizowekwa kando kwa karo ya muhula au kwa safari ya kwenda kumwona nyanya.

Nia ya safu hii leo ni kukuomba ungoje kidogo kabla ya kutoa pesa hizo. Aghalabu hakuna kilichoharibika. Gari limesahau tu, na linahitaji kufundishwa upya. Likishindwa kujifunza, basi limekuonyesha uchafu ambao lilikuwa likiuficha kwa miaka. Ukielewa jambo hili moja, utajua utangulie lipi na lipi lifuate, na hakuna atakayekuuzia kipuri usichokihitaji.

GARI LIMESAHAU NINI?

Tuanzie zamani kidogo. Wazee wetu waliendesha Peugeot 504, gari lililotamba katika barabara za Kenya na likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Magari ya aina hiyo yaliyotumia kabureta hayakuwa na la kusahau. Injini ikitetemeka gari likiwa limesimama, fundi alichukua bisibisi, akazungusha skrubu mbili za kabureta huku ametega sikio, na kazi ikaisha. Ungebadilisha betri mara 10 kwa siku na skrubu ile ingebaki pale pale ilipoachwa.

Mambo yalianza kubadilika kompyuta ilipoingia ndani ya boneti. Mwaka 1979 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mtambo wake wa Motronic, uliotumia kompyuta moja kusimamia umwagaji wa petroli na uchomaji wake, na gari la kwanza kuuvaa lilikuwa BMW 732i. Leo karibu kila gari la petroli unaloliona barabarani, iwe Probox ya miraa kutoka Maua, Vitz ya mwalimu au Fit ya daktari, lina kompyuta ya namna hiyo.

Kompyuta hiyo hufanya kazi ngumu zaidi pale unapodhani injini imepumzika, yaani gari limesimama, injini inanguruma, na mguu wako haugusi kanyagio la mafuta. Tuuite huo mwendo wa kutulia. (Ukivuka Namanga utawasikia mafundi wa Tanzania wakiuita sailensa. Usichanganyikiwe, kwani silensa ya huku kwetu ni ile ya bomba la moshi.) Kwa magari mengi ya petroli, injini ikishapata moto, mwendo wa kutulia ni mizunguko kati ya 600 na 800 kwa dakika. Ukipungua sana injini huzima. Ukizidi sana unachoma mafuta bure, na gari la otomatiki huvuta kutaka kuondoka hata ukiwa umekanyaga breki.

Wanafunzi wetu wa kemia watalifahamu vyema linalofuata. Ili petroli iungue sawasawa, kila gramu 1 ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Hewa hiyo hupitia kwenye kilango cha duara, mfano wa sarafu iliyosimamishwa ndani ya bomba. Hicho ndicho mafundi hukiita throtoli. Ukikanyaga mafuta, kilango hufunguka. Ukiachilia, hujifunga na kubakisha upenyo mwembamba mno, unaotosha tu kuifanya injini isizime. Katika magari ya kisasa kilango hiki husukumwa na mota ndogo inayoamriwa na kompyuta. Katika magari ya zamani kidogo, kuna vali ndogo pembeni inayopitisha hewa hiyo ya kutulia.

Sasa sikiliza vizuri, kwani hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kadiri miaka inavyopita, masizi na mvuke wa oili ya injini hujenga utando mweusi kwenye ukingo wa kilango. Ule upenyo mwembamba unaanza kuziba. Kompyuta huhisi kwamba hewa imepungua, nayo hufungua kilango kidogo zaidi. Mwezi ujao uchafu unaongezeka, nayo inafungua tena kidogo. Haya yote hufanyika polepole mno, wala dereva hajui lolote. Kompyuta huweka hesabu hiyo katika kumbukumbu yake, na katika magari mengi kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme wa betri.

Siku unayong'oa betri, umeme unakatika na kumbukumbu inafutika. Ukifunga betri mpya, kompyuta inarudi kwenye hesabu ya kiwandani, hesabu iliyopangiwa kilango kisafi kisicho na doa. Lakini kilango chako si kisafi. Hewa haitoshi, injini inatetemeka na kuzima. Betri mpya haina kosa, na fundi aliyeifunga pengine hana kosa pia.

MATATIZO YA ISIOLO

Msomaji wa Nairobi anaweza kuuliza kwa nini ninautaja mji wa Isiolo katika jambo hili. Sababu ni kwamba mji huu una yote mawili: kinachoua betri na kinachochafua injini.

Cha kwanza ni joto. Isiolo iko kwenye tambarare chini ya milima, na mchana joto hupita nyuzi 30 mara nyingi, huku chini ya boneti likiwa kali zaidi ya hapo. Watu hudhani betri huuawa na baridi kwa sababu hukataa kuwasha gari alfajiri. Kwa kweli baridi huifichua tu. Joto ndilo huila, kwani kemia iliyo ndani ya betri huenda mbio kadiri joto linavyopanda, maji yake hupungua, na bamba zake za risasi hulika mapema. Kwa hiyo mwenye gari wa Isiolo atabadilisha betri mara nyingi kuliko binamu yake wa Limuru, na kila mara kompyuta yake itasahau.

Cha pili ni vumbi. Anayefanya safari za Merti na vijiji vilivyo mbali na lami anajua jinsi chujio la hewa linavyogeuka rangi kwa muda mfupi. Chujio likichoka, au likifungwa vibaya, vumbi laini hupenya na kujichanganya na ule mvuke wa oili.

Cha tatu ni umbali. Lami ilipokamilika hadi Moyale katika miaka ya 2010, safari ya takriban kilomita 500 iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya saa chache, na sasa hata magari madogo ya familia yanaelekea kaskazini. Ni neema kubwa. Hata hivyo, ukishapita Archers Post gereji huwa chache, na hapo si mahali pa kugundua kwamba gari lako huzima kila unapopunguza mwendo.

Kabla sijaendelea, kuna neno kwa wenye Land Cruiser, kwani mji huu umejaa hizo. Ikiwa yako ina ile injini kongwe ya dizeli, 1HZ ya silinda sita na lita 4.2, somo la kusahau halikuhusu. Pampu yake hupima dizeli kwa vyuma, si kwa kompyuta. Ikitetemeka baada ya kubadilisha betri, tafuta sababu nyingine, kama vile hewa iliyoingia kwenye paipu za dizeli au chujio lililoziba, na uyaache maneno ya kompyuta kwa wengine.

KWANZA LIPE GARI NAFASI YA KUJIFUNZA

Dawa ya kwanza haigharimu ila petroli kidogo na uvumilivu. Ifanye mahali pa wazi. Narudia, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa wala karibu na dirisha la chumba wanamolala watoto. Moshi wa gari una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu akidhani anasinzia tu.

Vuta breki ya mkono. Weka gia huru, au P ikiwa gari ni la otomatiki. Zima kila kinachokula umeme: taa, redio, feni ya ndani, kipoza hewa, na chaja ya simu. Washa injini. Ikikataa kushika, ikanyagie mafuta kidogo sana mpaka ishike, kisha uachilie polepole. Iache ingurume yenyewe mpaka ipate moto na feni ya rejeta iwake na kuzima angalau mara moja. Usishtuke ikianza kwa mizunguko 1,200 au zaidi, kwani injini baridi hufanya hivyo siku zote.

Baada ya hapo, iache kwa dakika 10 zaidi bila kugusa chochote. Kisha washa kipoza hewa, uiache dakika chache. Kama gari ni la otomatiki, kanyaga breki kwa nguvu, weka D, na uiache tena dakika chache, kwa sababu kompyuta hujifunza pia mwendo wa kutulia injini ikiwa imebeba mzigo. Hatimaye liendeshe mahali pasipo na msongamano, ukisimama na kuondoka mara kadhaa. Gari la otomatiki linaweza kubadilisha gia kwa kushtukashtuka siku mbili tatu. Nalo hilo ni kujifunza.

Makampuni hutofautiana, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Maelekezo ya Honda, kwa mfano, ni kuwasha injini bila mzigo wowote na kuishikilia kwenye mizunguko 3,000 mpaka feni ya rejeta iwake, kisha kuiachilia itulie kama dakika 5. Nissan nyingi zina utaratibu wa hatua kadhaa. Hatua rahisi kati ya hizo ni kufungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, kisha kufunga na kungoja angalau sekunde 10. Ukitega sikio utasikia kilango kikijisogeza chenyewe. Hatua ya mwisho ya Nissan inahitaji kukanyaga mafuta kwa hesabu ya sekunde, na heri imwangukie fundi anayeijua au mwenye mashine ya kuamuru kompyuta.

BADO LINATETEMEKA? FUATA MPANGILIO HUU

Ikiwa umelipa gari nafasi na bado halitulii, hapo ndipo uchunguzi unapoanza. Anza na rahisi, umalizie na ghali. Fundi anayeanzia mwisho anatumia mfuko wako kujifunza kazi.

Kwanza, shika vichwa vya betri kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Vikizunguka hata kidogo, tatizo liko hapo. Magari mengi kutoka Japani hutumia betri zenye nguzo nyembamba. Zipo pia betri za umbo lile lile zenye nguzo nene. Ukibadilisha nene kwa nyembamba, kibanio hakitashika, na utakuta msumari au kipande cha mkebe kimepachikwa ili kukaza. Hiyo ni kazi ya kuvizia ajali. Umeme unapokatikakatika, kompyuta husahau kila gari linaporuka tuta, na hutamaliza kulifundisha. Nunua kibanio kinachofaa au ubadilishe betri.

Pili, tazama kilichoguswa. Katika magari mengi fundi hulazimika kusogeza bomba la hewa ili atoe betri. Je, bomba limerudi na kukazwa? Je, kuna plagi ya waya iliyoachwa ikining'inia karibu na chujio la hewa? Je, kuna mpira mwembamba uliochomoka? Hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma haihesabiwi na kompyuta, na injini itapanda na kushuka kama mtu anayehema. Injini ikinguruma, zima vingine vyote, utege sikio. Mlio wa “sssss” chini ya boneti ni ushahidi.

Tatu, pima alteneta. Hapa ndipo wengi hupotea. Betri ya zamani ilikufa kwa nini? Pengine haikuwa na kosa ila alteneta haikuwa ikiichaji. Ukifunga mpya bila kuuliza swali hilo, mpya itaizikwa kaburi lile lile. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.5. Kipimo kikibaki 12 na kuendelea kushuka, alteneta haifanyi kazi, na umeme hafifu pekee unatosha kuifanya injini itetemeke. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na kila gereji ya heshima ina mita ya kukifanyia.

Lakini ukimwona fundi anang'oa waya wa betri injini ikiwa inanguruma, eti aone kama gari litaendelea kuwaka, mzuie. Hiyo ilikuwa mbinu ya enzi za kabureta. Katika gari lenye kompyuta, umeme wa alteneta unaweza kuruka ghafla na kuunguza vifaa ambavyo bei yake hutapenda kuisikia.

Nne, safisha kilango. Kama yote yaliyotangulia ni sawa, basi ule utando mweusi ndio mshukiwa mkuu. Kuna dawa ya kopo ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hii, na kopo moja ni bei ndogo sana ukilinganisha na throtoli nzima. Injini iwe imezimwa na ufunguo umetolewa. Dawa inyunyizwe kwenye kitambaa laini, kisha ukingo wa kilango ufutwe pande zote mbili. Kisikwaruzwe kwa msasa wala waya wa kusugulia sufuria. Kile kinachoendeshwa kwa mota kisisukumwe kwa kidole wakati ufunguo uko wazi, kwani meno ya mota yanaweza kuvunjika, na hata kidole kinaweza kubanwa. Baada ya hapo, rudia somo la kujifunza tangu mwanzo.

Tano, taa ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka kwenye dashibodi, liunganishwe na mashine ya kusoma kompyuta. Muulize fundi mashine imesema nini, na akuonyeshe. Baada ya hatua hii ndipo inafaa kuzungumzia kununua kipuri.

USIENDELEE NA SAFARI

Mzazi mwenzangu, labda unajiambia kwamba gari likizima nitaliwasha tena, kuna ubaya gani? Ubaya upo, na si mdogo. Breki za gari lako husaidiwa na mvuto wa hewa unaotokana na injini. Injini ikizima, unabakiwa na nguvu za kukanyaga mara moja au mbili, kisha kanyagio huwa gumu kama jiwe. Usukani nao huwa mzito.

Fikiria sasa mteremko mrefu wa kutoka Subuiga kuelekea Isiolo. Familia imo ndani, mizigo imejaa nyuma, na mbele kuna lori linalotambaa. Unaondoa mguu kwenye mafuta, mizunguko inashuka, injini inazima. Ndiyo maana gari lisilotulia halipaswi kwenda safari ndefu kabla halijatengenezwa. Likikuzimia njiani, usihangaike na ufunguo kwanza. Shika usukani kwa nguvu, kanyaga breki mara moja kwa uthabiti bila kuipigapiga, washa taa za dharura, uelekee kando. Na wale wanaoteremka wakiwa wameweka gia huru, eti kuokoa mafuta, waache mchezo huo. Gia husaidia breki, na huizungusha injini hata inapotaka kuzima.

KABLA YA KUNG'OA BETRI TENA

Mwenye kujua haya ataanza mapema. Ukiona betri imeanza kuchoka, safisha throtoli kwanza au siku ile ile. Kompyuta ikirudi kwenye hesabu ya kiwandani itakuta kilango kinachofanana na cha kiwandani, nayo itatulia haraka.

Andika namba ya siri ya redio ikiwa gari lako linayo. Hakikisha ufunguo umetolewa. Waya hasi utoke kwanza na urudi mwisho. Ukianza na ule chanya, spana inaweza kugusa mwili wa gari na kutoa cheche za kutisha. Tazama mara mbili kwamba chanya ya betri mpya iko upande ule ule wa ile ya zamani. Kugeuza nyaya kwa sekunde moja tu kunaweza kuunguza fyuzi kubwa au kilicho ghali zaidi. Na madirisha ya umeme yakikataa kujifunga kwa mguso mmoja, katika magari mengi unafunga dirisha hadi juu na kushikilia kitufe sekunde chache. Nayo yalisahau.

Ongea na fundi kwa heshima, na mapema. Mwambie: “Fundi, kabla hujaondoa hii ya zamani, nipimie alteneta. Na ukimaliza, tuliache gari lingurume dakika 15 hapa hapa kabla sijaondoka.” Fundi mwema atakujibu, “Sawa mama, hakuna neno.” Atakayekasirika amekuambia jambo kuhusu kazi yake.

NENO KWA ANAYENUNUA GARI

La mwisho linawahusu vijana wanaohitimu na wanaopania kununua gari la kwanza. Kung'oa waya wa betri hufuta pia rekodi za makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta, na taa ya manjano huzima. Wako wauzaji wanaolijua hilo, nao hung'oa waya asubuhi ile unayokuja kutazama gari. Dashibodi inakuwa safi kama ya malaika, na wiki mbili baadaye taa inawaka, muuzaji hashiki simu.

Tazama saa ya dashibodi. Ikisoma saa ambayo haipo, uliza betri iling'olewa lini na kwa nini. Leta fundi mwenye mashine, kwani kompyuta iliyofutwa juzi itaonyesha kwamba baadhi ya vipimo vyake vya ndani havijakamilika. Omba kuliendesha muda mrefu, likiwa baridi na likiwa moto, kipoza hewa kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, na ulisimamishe mara nyingi. Injini inayotulia katika hali zote hizo imekupa jibu ambalo maneno matamu ya muuzaji hayawezi kukupa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sidhani walikuwa wakizungumzia kompyuta za magari. Lakini baba au mama anayetoka dukani na betri mpya leo Jumapili, na kesho anataka kuwapeleka watoto shule, angefaidika nayo. Dakika 15 za kungoja na kitambaa kimoja chenye dawa vinaweza kuiacha karo salama mahali ilipowekwa.

Hadi Jumapili ijayo, uwe na juma lenye heri, na uendeshe kwa usalama.